Maji ya Pinki

Mwaka 2022, ukame ukiwa umemaliza ng'ombe Kajiado, nilimkuta shosho akiosha mahindi jikoni kwetu Kitengela. Maji ya beseni yalikuwa ya pinki. Ilikuwa ile paketi ya mbegu ya kilo mbili tuliyonunua agroveti, tukangoja mvua ambayo haikuja.

"Nimeosha mara tatu," akaniambia. "Rangi imetoka."

Chuo niliacha, lakini kuna habari moja niliyosoma huko ambayo haijawahi kuniacha.

Inaanza na shayiri, ile nafaka ambayo hapa Kenya hulimwa Narok na Timau na kuishia kwenye chupa ya bia. Kuna kuvu hukaa kwenye ganda la mbegu au udongoni. Mbegu ikilowa, nao huamka. Huozesha mche kabla haujatokeza, ama huuacha utokeze kisha shina ligeuke kahawia na mche ulale. Mkulima huona mapengo tu shambani. Ndiyo maana, kuanzia miaka ya 1910, Wajerumani walianza kupaka mbegu dawa ya zebaki. Ilifanya kazi vizuri, ikasambaa duniani.

Mwaka 1971, baada ya ukame, Iraki iliagiza mbegu za ngano kutoka Meksiko na za shayiri kutoka Marekani. Zilikuwa zimepakwa zebaki na kutiwa rangi ya onyo. Sehemu nyingi zilifika msimu wa kupanda umeshapita. Maandishi kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Watu wakaosha, rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka nayo. Wengine walijaribu kwa kuku kwanza. Kuku hawakufa upesi. Basi wakaoka mkate.

Zebaki ile hukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya kujionyesha. Mikono ikafa ganzi, macho yakafifia, miguu ikakataa kutembea. Hospitali zilihesabu wagonjwa 6,530 na vifo 459. Waliofia nyumbani hawamo.

Nilimweleza shosho yote hayo nikiwa nimeshika beseni. Dawa ya siku hizi si zebaki, nikamwambia, lakini bado ni sumu, na rangi kutoka si dawa kutoka.

"Sawa," akasema. "Sasa tutakula nini?"

Hapo ndipo niliwaelewa watu wa Iraki. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa, na chakula kilikuwa mbele yao.

Tulichimba shimo, tukayafukia mahindi mahali kuku hawafiki. Jioni nikaenda dukani kukopa unga.