Kompyuta Moja, Watumiaji Wengi

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa moja tu, na kazi zilisubiri zamu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, uamuzi ulioigharimu nchi miaka ya kujifunza. Wakati huo IBM ilikuwa imeshatoa VM/370 (1972), programu iliyoigawa mashine moja kuwa kompyuta pepe nyingi, kila mtumiaji akiiona yake kama kamili.

Kadi za michoro zilichelewa kugawanywa kwa namna hiyo. Mwanzoni kadi nzima ilikabidhiwa mashine pepe moja, nyingine zikibaki mikono mitupu. Baadaye kampuni ya Nvidia ikaleta ugawaji kwa njia ya programu, na mwaka 2020 kadi yake ya A100 ikaweza kukatwa mafungu 7 ndani ya chipu yenyewe. OpenStack, programu huria iliyoanzishwa 2010 na NASA na Rackspace, huiwezesha taasisi kujenga wingu binafsi na kuwagawia watu wake mafungu hayo.

Hivyo mwanafunzi wa Kasanda, mkoani Kigoma, hahitaji kadi mezani. Anahitaji mtandao na umeme wa kutegemewa. Umeme huo ni wa karibuni mkoani humo: Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli hadi zilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022.