Historia ya Eskaveta: Kutoka Waya hadi Oili

Mwaka 1839 kijana wa Kimarekani, William Otis, alipata hataza ya mtambo wa mvuke wa kuchimba udongo. Mwaka huohuo akafariki, umri wake miaka 26 tu. Kwa zaidi ya karne moja mitambo ya kuchimbia ilifuata nasaba yake: injini inazungusha ngoma, ngoma inavuta mnyororo au waya, waya unanyanyua koleo. Hivyo ndivyo Wamarekani walivyochimba Mfereji wa Panama kuanzia 1904 hadi 1914, kwa mitambo zaidi ya 100, na 77 kati yake ilitoka kiwanda kimoja cha Bucyrus.

Ila waya, hata uwe mnene kiasi gani, kazi yake ni kuvuta. Hausukumi. Koleo la kuning'inia kwenye waya liliingia ardhini kwa uzito wake lenyewe, huku opereta akihangaika na klachi na breki, na waya ukikatika aliyesimama karibu alikuwa mashakani. Oili ndiyo iliyoleta mabadiliko. Pampu ikiisukuma ndani ya silinda, pistoni inatoka. Ikiingizwa upande wa pili, pistoni inarudi. Kwa hiyo mkono unakunjuka na kujikunja, na meno ya ndoo yanakandamizwa ardhini kwa nguvu yote ya injini.

Wazo halikuwa geni. Mwaka 1882 kampuni ya Armstrong ya Uingereza iliunda mtambo wa kuchimba kwa shinikizo la maji, ukafanya kazi kwenye ujenzi wa gati la Hull. Lakini maji yale bado yalivuta nyaya, na maji hayalainishi chuma. Akili ilikuwepo, zilizokosekana ni sili zisizovuja, mipira inayostahimili presha, na pampu ndogo zenye nguvu. Vitu hivi fundi wa leo huvifungua na kuvibadilisha mchana mmoja, na kwa maoni yangu waliovitengeneza wanastahili heshima sawa na wenye majina kwenye hataza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vitu hivyo vikapatikana, na walioviwahi walikuwa wenye karakana ndogo. Huko Turin, Italia, ndugu wawili Carlo na Mario Bruneri waliunda mtambo wao wa majaribio mwaka 1948. Ufaransa, kampuni ya Poclain ya Georges Bataille ilitoa wa kwanza mwaka 1951. Uingereza, Joseph Bamford, aliyeanza kazi mwaka 1945 kwenye banda la kukodi, alifunga mkono wa kuchimbia nyuma ya trekta mwaka 1953. Mwaka uliofuata Ujerumani ikatoa miwili: L 300 ya Liebherr, na B504 ya Demag, uliotembea kwa minyororo na kuzunguka duara zima, kama tunavyoijua eskaveta leo.

Mikono ya mwanzo ilikuwa dhaifu. Ndoo nyingi za Kimarekani zilibeba robo ya yadi ya ujazo, pungufu kidogo ya pipa la mafuta la lita 200. Wakandarasi wa barabara na migodi hawakuwa na haja nayo. Wateja wakawa mafundi wa mabomba. Nyumba mpya zilijengwa kwa maelfu, kila moja ikihitaji mtaro mwembamba wa maji safi na mwingine wa maji machafu, kazi iliyofanywa kwa sururu na sepetu. Humo mitaroni ndimo eskaveta ilimokulia, ndoo ikiongezeka mwaka hadi mwaka, na viwanda vikubwa vya mitambo ya nyaya havikuiona kuwa mshindani. Bucyrus ilijaribu mwaka 1951 kwa kuchanganya waya na oili katika mtambo mmoja, Hydrohoe, ukabaki katikati. Mtafiti Clayton Christensen ameandika kwamba kati ya watengenezaji 30 hivi wa mitambo ya nyaya, ni wanne tu waliovuka salama.

Japani ilijifunza kwa leseni za Ulaya, kisha mwaka 1965 Hitachi ikatoa UH03 ya ubunifu wake, yenye pampu mbili, opereta akaweza kuunganisha mienendo miwili kwa ulaini. Caterpillar ilichelewa hadi 1972, ilipoleta modeli yake ya 225. Mwaka 1997 kiwanda cha Dortmund, Ujerumani, kilitoa O&K RH400, yenye uzito wa tani zaidi ya 800, kwa ajili ya mchanga wa mafuta wa Alberta, Kanada. Pamoja na hayo, kwenye migodi mikubwa ya wazi, mitambo ya nyaya inayoendeshwa kwa umeme bado inapakia malori usiku na mchana.