Fize, nako, kifundo

Katika gereji za Nyantende, kusini mwa Bukavu, chuma kinachobeba gurudumu la nyuma huitwa fize, kwa kufuata Kifaransa. Ukikiulizia Nairobi au Dar es Salaam utaambiwa nako, kwa kufuata Kiingereza. Kila jina lina jicho lake. Asili ya fize ni kijiti cha kusokotea uzi: Mfaransa alitazama mhimili wa kuzungukia gurudumu. Nako ni kiungo cha kidole: Mwingereza alitazama gurudumu la mbele likikata kona.

Nyuma, majina yote mawili yanapwaya. Gurudumu la nyuma la RAV4 halikati kona, na mhimili sio kiini cha chuma hicho. Kazi yake ni kukutanisha: mikono inayoshika gurudumu, amotisere (shokamzoba), rulema (beringi) na breki vyote vinafika hapo. Hiace yenye springi za sahani na ekseli nzima hata haikihitaji.

Kiswahili kina neno la mahali panapofungana mambo: kifundo. Ni fundo dogo la kamba. Ni pia kifundo cha mguu, muundi unaposhikana na unyayo. Naliona ndilo jina linalokaa.

Isitoshe, linafundisha kazi. Fundo halikatwi, hufunguliwa kwa zamu. Kama gurudumu la nyuma nalo linasukumwa na injini, nati kubwa ya katikati hulegezwa gari likiwa bado chini. Kisha kriki, yaani jeki, na stendi imara chini ya bodi. Etrie, kile kibano cha breki, huning'inizwa kwa waya, kamwe isibebwe na mpira wake wa mafuta. Sensa ya ABS hutolewa mapema, kabla haijavunjika. Bolti ya kurekebishia pembe ya gurudumu hutiwa alama, ndipo mikono ifunguliwe. Wakati wa kurudisha, bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limekalia uzito wake; ukizikaza likiwa hewani, raba husokoteka na kuchanika mapema.

Dukani Bukavu endelea kuomba fize, usije ukarudi mikono mitupu. Lakini gerejini, mwanafunzi akiambiwa "fungua kifundo", amri yenyewe inamtaka ahesabu vilivyofungwa hapo kabla hajashika nyundo.