Kijakazi wa Mto Volga

Katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya Vikings, iliyoanza kuonyeshwa Machi 2013, mtawala aitwaye Earl Haraldson anauawa na Ragnar Lothbrok katika pambano la ana kwa ana, na watu wake wanamfanyia mazishi makubwa. Vijakazi wake wanaulizwa nani atakubali kufuatana na bwana wake. Mmoja anajitokeza. Anapambwa, ananyweshwa, anatendewa kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata maishani, kisha bikizee aitwaye Malaika wa Mauti anamuua. Mashua inatiwa moto. Yote yamepigwa picha kwa ustadi, na sura inayobaki kwa mtazamaji ni ya mwanamke aliyeridhia, aliyekufa kwa mapenzi.

Michael Hirst, mtunzi wa tamthilia hiyo, hakukibuni kisa hicho. Hatua zake nyingi zimetoka katika maandishi ya mtu mmoja aliyeshuhudia mazishi ya namna hiyo kwa macho yake, naye hakuwa mtu wa Ulaya. Alikuwa Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad. Anayesoma alichoandika, kisha akarudi kuitazama tamthilia, ataona kwamba kuna mambo yaliyoachwa, na yaliyoachwa ndiyo yanayotuambia ukweli wa kifo cha yule kijakazi.

Ibn Fadlan aliondoka Baghdad na msafara wake tarehe 21 Juni 921. Mfalme wa Wabulgari wa Volga, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Urusi, alikuwa amemwomba Khalifa ampelekee walimu wa dini, amjengee msikiti na mimbari, na amsaidie kujenga ngome. Ibn Fadlan alipewa kazi ya kuisoma barua ya Khalifa mbele ya mfalme na kukabidhi zawadi. Msafara ulipita Bukhara na Khwarazmi, ukakaa miezi kadhaa ukisubiri baridi ipungue, ukafika tarehe 12 Mei 922.

Huko, kando ya Volga, aliwakuta watu walioitwa Warus. Hawa walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Skandinavia waliokuwa wakishuka kwa mito na ngozi za wanyama, panga na watumwa. Aliwastaajabia. Aliandika kwamba hajapata kuona watu wenye maumbo kamili kama wao, warefu mithili ya mitende, na papo hapo akachukizwa na namna wanavyonawa na wanavyoishi na vijakazi wao bila kujificha. Kwa kuwa anasifu na kulaumu katika ukurasa mmoja, mimi humwamini zaidi ya wengi walioandika juu ya Waviking katika zama zile. Alikuwa na udadisi wa kweli. Aliposikia kwamba mmoja wa wakubwa wao amefariki, alikwenda kuona.

Marehemu alikuwa amewekwa katika kaburi la muda kwa siku kumi, nguo zake zikishonwa. Mali yake iligawanywa mafungu matatu: fungu la jamaa zake, fungu la kumshonea mavazi, na fungu la kileo cha kunywewa hadi siku ya kuchomwa. Vijakazi wake waliulizwa nani atakufa pamoja naye, na mmoja akasema ni yeye. Kuanzia hapo hakuwa na ruhusa ya kurudi nyuma. Wasichana wawili waliwekwa kumlinda na kumfuata kila aendako, hata kumwosha miguu kwa mikono yao, naye akawa anakunywa na kuimba kila siku, kwa maelezo ya Ibn Fadlan, kama mtu mwenye furaha. Ibn Fadlan mwenyewe hakuwa na namna ya kujua kilichokuwa moyoni mwa kijakazi, nasi pia hatuna.

Siku ilipofika, jahazi lilivutwa nchi kavu, likapandishwa juu ya magogo, na kuni zikapangwa chini yake. Ndani yake kiliwekwa kitanda, kikatandikwa hariri ya Rumi. Aliyesimamia matayarisho yote alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso wa kutisha, ambaye Warus walimwita Malaika wa Mauti. Ndiye aliyekuwa na kazi ya kushona nguo za maiti na kuwaua vijakazi. Walimtoa marehemu kaburini, ngozi yake imekuwa nyeusi kwa baridi ya nchi ile, wakamvika kanzu ya hariri yenye vifungo vya dhahabu, wakamketisha katika hema lililokuwa jahazini. Wakamwekea kileo, matunda, mkate, nyama, vitunguu na silaha zake zote. Mbwa alikatwa vipande viwili. Farasi wawili walikimbizwa mpaka wakatoka jasho, wakakatwakatwa. Wakafuata ng'ombe wawili, jogoo na kuku.

Wakati huo kijakazi alikuwa akipelekwa hema moja baada ya jingine, na kila mwenye hema alimwingilia na kumwagiza amwambie bwana wake kwamba amefanya hivyo kwa kumpenda marehemu. Jioni ya Ijumaa walimleta mbele ya kitu kilichofanana na fremu ya mlango, wakamwinua mara tatu achungulie ng'ambo. Alisema amewaona baba na mama yake, kisha jamaa zake wote waliokufa, kisha bwana wake ameketi katika pepo ya kijani akimwita. Akavua bangili zake akampa Malaika wa Mauti, na mitali ya miguuni akawapa wale wasichana wawili. Akapewa kikombe, akaimba. Akapewa cha pili, akauvuta wimbo, na yule bikizee akamharakisha anywe aingie hemani. Ibn Fadlan anasema hapo alimwona amechanganyikiwa. Alitaka kuingia, akaingiza kichwa chake kati ya hema na ubavu wa jahazi, na bikizee akamshika kichwa akamvuta ndani.

Hapo wanaume walianza kupiga ngao zao kwa fimbo. Sababu imeandikwa: sauti ya kilio chake isisikike, vijakazi wengine wasije wakaogopa na kukataa kufa pamoja na mabwana zao. Ndani ya hema wanaume sita walimbaka. Kisha wakamlaza kando ya maiti, wawili wakamshika miguu na wawili mikono. Bikizee akamfunga kamba shingoni, akawapa wawili waliobaki waivute, huku yeye akimchoma jambia pana baina ya mbavu mpaka akafa.

Siwezi kuisoma sehemu hiyo ya ngao bila kusimama. Kama kifo kile kingekuwa cha hiari, cha kutamaniwa na vijakazi, kelele zingekuwa za nini? Warus wenyewe walijua kwamba mtu akifikishwa pale hulia, na kwamba kilio hicho kikisikika mila itavunjika. Utaratibu wote, walinzi wawili, kileo cha siku kumi, fimbo juu ya ngao, uliwekwa ili neno moja alilotamka kijakazi siku ya kwanza lisiweze kufutwa. Tamthilia imelichukua neno hilo, na haikumwonyesha yeyote kati ya wale wanaume sita.

Baadaye ndugu wa karibu wa marehemu alikuja uchi, akitembea kinyumenyume na kijinga cha moto mkononi, akawasha kuni. Upepo mkali ulivuma. Mmoja wa Warus alimwambia mkalimani kwamba Waarabu ni wapumbavu kwa kuwazika wapenzi wao ardhini waliwe na wadudu, ilhali wao huwachoma kwa dakika chache waingie peponi papo hapo. Haikupita saa moja, kila kitu kikawa majivu. Juu yake wakajenga tuta la duara, wakasimika nguzo iliyoandikwa jina la marehemu na jina la mfalme wa Warus.

Moto ule uliwashwa nchi kavu. Mashua inayoelea huku mishale ya moto ikiruka angani, ambayo watazamaji wengi huiona kuwa ndiyo alama ya mazishi ya Waviking, ina historia nyingine. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika katika karne ya 13, anasimulia mfalme wa kale aitwaye Haki aliyewekwa ndani ya merikebu inayowaka ikasukumwa baharini, na mungu Baldr aliyechomwa juu ya merikebu yake. Hizo ni hekaya zilizoandikwa wakati Iceland imekuwa ya Kikristo kwa zaidi ya miaka 200. Mishale ilipata umaarufu kupitia filamu ya The Vikings ya mwaka 1958 aliyoigiza Kirk Douglas, ambayo humalizika kwa tukio hilo. Kiutendaji ni jambo gumu: mashua huungua mpaka usawa wa maji, kisha huzama na mwili uliobabuka nusu.

Ardhi ya Skandinavia inatoa ushahidi wa namna nyingine. Huko Oseberg, Norway, mwaka 1904, Gabriel Gustafson na wenzake walifukua merikebu ya mita 21.5 iliyozikwa nzima chini ya tuta mwaka 834, bila kuchomwa. Ndani yake mlikuwa na gari la kukokotwa, sleji za kuchongwa kwa ufundi wa ajabu, vitambaa vya kufumwa, farasi na mbwa waliochinjwa, na wanawake wawili, mmoja wa miaka hamsini hivi na mwingine wa sabini au zaidi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mmoja ni malkia na mwingine ni mjakazi aliyeuawa amfuate. Mifupa yao haijathibitisha hilo.

Kuna makaburi mengine ambayo hayaachi nafasi kubwa ya kubisha. Huko Flakstad, katika visiwa vya Lofoten kaskazini mwa Norway, kulikuwa na makaburi ya watu wawili na watatu ambamo mmoja yuko kamili na wengine hawana vichwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima kemikali za mifupa na kuonyesha kwamba wasio na vichwa walikula chakula tofauti na waliozikwa kamili, samaki kwa wingi, na vinasaba havikuonyesha undugu wa upande wa mama. Watafiti walihitimisha kwamba huenda walikuwa watumwa, waliotiwa kaburini kama zilivyotiwa silaha na mapambo. Katika kisiwa cha Man, mahali paitwapo Ballateare, Gerhard Bersu alifukua mwaka 1946 kaburi la mwanamume na upanga wake, na juu yake, ndani ya lile tuta, mifupa ya mtu mwingine ambaye fuvu lake lilikuwa limefyekwa kwa nyuma.

Hata hivyo kaburi la Gerdrup, karibu na Roskilde nchini Denmark, linatufundisha kutokimbilia majibu. Lilifukuliwa mwaka 1981. Mwanamke alizikwa na mkuki, mwili wake umekandamizwa kwa mawe makubwa. Pembeni yake mwanamume aliyeonekana kuwa amenyongwa. Kwa miongo mingi alielezwa kuwa mtumwa aliyeuawa kwa ajili ya bibi yake, na wageni wa jumba la makumbusho walisimuliwa hivyo. Vinasaba vilipopimwa, ikabainika kuwa wale wawili ni mama na mwanawe.

Tamthilia hiyohiyo ina sehemu nyingine maarufu, ya hekalu la Uppsala nchini Sweden, ambapo watu tisa wanatolewa kafara, na Leif, mmoja wa wapiganaji wa Ragnar, anajitolea kuchukua nafasi ya mtawa Athelstan, mateka wa Ragnar. Chanzo chake ni Adam wa Bremen, padri wa Kijerumani aliyeandika katika miaka ya 1070 kwamba kila baada ya miaka tisa Waswidi walitundika katika msitu mtakatifu tisa wa kila aina ya kiumbe dume, na kwamba Mkristo mmoja alimwambia ameona miili 72. Adam hakufika Uppsala. Aliandika kwa ajili ya kanisa lililokuwa likigombania nchi hizo, kwa hiyo ninamsoma kwa tahadhari kubwa kuliko Ibn Fadlan aliyesimama karibu na moto. Lakini kusema hakukuwa na kafara ya watu kabisa si sahihi: huko Trelleborg, Denmark, mabaki ya watu watano yalikutwa ndani ya visima pamoja na mifupa ya wanyama, na wanne kati yao walikuwa watoto wadogo.

Swali ambalo tamthilia hiyo hailiulizi ni kwa nini mkubwa mmoja wa Warus alikuwa na vijakazi wengi kiasi cha kuchomwa na mmoja wao. Ibn Fadlan analijibu bila kukusudia. Warus walipofika Volga walikwenda kwanza mbele ya nguzo ya mti yenye sura ya mtu, wakasujudu, wakataja idadi ya vijakazi na ngozi walizoleta, wakaomba waletewe mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi ambaye hatabishana bei. Mnunuzi huyo aliishi kusini. Kijakazi aliyekufa jahazini na vijakazi waliouzwa siku zile walitoka katika biashara moja, na fedha iliyoiendesha ilifuliwa katika nchi za Kiislamu. Baghdad yenyewe ilikuwa haijasahau vita vya mabwawa ya karibu na Basra, ambako kuanzia mwaka 869 hadi 883 watumwa waliitikisa dola ya Khalifa katika maasi yaliyobeba jina la Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani yetu.

Sehemu ya fedha hiyo bado ipo. Mwaka 1999, katika shamba la Spillings kisiwani Gotland, Sweden, ilipatikana hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote zikiwa dirhamu. Ilifukiwa katika karne ya 9, Ibn Fadlan akiwa hajaanza safari yake. Wageni huiona katika makumbusho ya Visby. Ni malipo ya ngozi za wanyama, ya panga na ya watu, na hakuna awezaye kutenga sarafu zilizolipia watu na zilizolipia ngozi.