Ghala Kubwa na Mlango Mwembamba

Ukishuka Shimanzi, ewe msomaji, karibu na bandari ya Kilindini, utaona maghala yamepangana na malori yamejipanga yakingoja zamu. Tangu reli ya kwenda ziwa kuu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kisiwa hiki kimejua kanuni moja: meli ikishusha shehena upesi kuliko njia ya bara iwezavyo kuichukua, ghala hujaa, na ghala likijaa, hata mwenye kifurushi kimoja hana budi kungoja. Kanuni hiyo ndiyo mafundi wa kompyuta waliyojifunza upya kwa taabu.

Nami nilifunzwa kwa hasara. Siku moja, katika duka la kupigia chapa huko Shimanzi, nilinakili alama za wanafunzi wangu pamoja na picha nyingi katika flashi. Majina ya faili yote yakaonekana humo. Kwa kuwa kompyuta haikuwa yangu, nikazifuta faili za asili. Papo hapo mashine ikaganda. Haikusikia kitufe wala amri. Nikadhani imekufa, nikaichomoa flashi. Nyumbani niliyakuta majina, lakini ndani yake hamna kitu. Ikanibidi kuzikusanya karatasi na kuanza upya. Waswahili hawakukosea waliponena kwamba haraka haraka haina baraka.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika maabara za Bell huko Marekani, walianza kuunda mfumo wa Unix. Diski za siku zile zilikwenda pole pole. Kwa hiyo data ya kuandikwa iliwekwa kwanza katika kumbukumbu, mfano wa ghala kando ya gati. Programu iliambiwa kwamba mzigo umepokewa, hali mzigo wenyewe haujafika diskini. Palikuwa na amri ya sync ya kuagiza ghala likamuliwe, na programu ndogo iliitoa kila baada ya sekunde 30. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipotoa Linux mwaka 1991, alifuata njia hiyo hiyo.

Baadaye ghala lilikua, na mlango ukawa mwembamba. Kumbukumbu ya flashi, iliyovumbuliwa na Fujio Masuoka wa Toshiba na kutangazwa mwaka 1984, haiandikiki upya mpaka kipande kizima kifutwe kwanza. Flashi za USB zilipoanza kuuzwa mwaka 2000, kompyuta zilikuwa zikizidi kupanuliwa kumbukumbu. Linux huruhusu data isiyoandikwa bado ifikie asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo, ndipo waandishi wazuiwe. Fanya hesabu: katika gigabaiti 16, hiyo ni gigabaiti 3.2. Flashi ipokeayo megabaiti 5 kwa sekunde itahitaji zaidi ya dakika 10 kuimaliza, na kazi nyingine zaweza kukwama nyuma yake.

Mwaka 2013 mafundi wa Linux walilijadili jambo hili waziwazi, wakaona kwamba kipimo kilichofaa kumbukumbu ndogo za zamani hakifai kubwa za leo. Mwezi wa Februari 2017, Linux 4.10 ilileta njia ya Jens Axboe ya kupunguza kasi ya uandishi wa nyuma ya pazia, usiwazibie njia wasomaji. Mwaka 2018, Microsoft nayo ilibadili desturi ya Windows 10, data iendayo katika flashi isiwekwe akiba kama kwanza.

Basi, msomaji, mashine yako ikiganda hivyo, usiihukumu upesi. Itazame taa ya flashi: ikimemeta, kazi inaendelea, ngoja. Isipomemeta kwa muda mrefu, jaribu tundu jingine au flashi nyingine, kwani huenda ile inakaribia kufa na mfumo unarudia rudia kuiandikia. Mwenye Linux aweza kupunguza kipimo cha ghala lake, na kutoa amri ya sync kabla ya kuondoka. Kila mtu na aagize flashi itolewe kwa salama kabla ya kuichomoa, na asifute asili mpaka ameifungua nakala na kuisoma.

Karani wa ghala hutia sahihi mzigo unapoingia. Mwenye mali hushukuru unapofika.