Mikoko ya Mombasa: Miti inayozaa miche badala ya mbegu

Maji yanapokupwa katika hori za Tudor na Port Reitz, kuanzia Kisauni na Mikindani hadi Dongo Kundu upande wa Likoni, hujitokeza tope jeusi ambalo mimea mingi haiwezi kukaa humo hata wiki moja. Hapo ndipo ilipo mikoko. Wengi hutumia jina hilo kwa miti yote ya eneo hilo, ilhali Kenya ina aina tisa, na wakataji wa boriti huzitofautisha vyema: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mkomafi na nyinginezo. Mpango wa kitaifa wa kuisimamia, uliotolewa mwaka wa 2017, ulikadiria kuwa Mombasa ina zaidi ya hekta 3,700.

Shida ya kwanza ya tope hilo ni ukosefu wa hewa. Mizizi ya mmea huhitaji oksijeni kama mtu, lakini udongo uliojaa maji ya bahari hauna oksijeni ila kidogo sana juu yake. Mkoko huteremsha mizizi kutoka shinani, ikajipinda kama miguu ya kaa. Mchu nao huchomoza vijiti vyembamba kutoka ardhini, mamia kwa mamia kuuzunguka mti mmoja. Vyote vina vitundu vidogo vinavyovuta hewa maji yakiwa yamekupwa, na hewa hiyo hushuka hadi mizizi iliyozama.

Kisha kuna chumvi. Mkoko huichuja mizizini, ikabaki nje sehemu kubwa. Mchu huiruhusu kuingia, halafu huitoa kupitia majani. Atakayelamba jani la mchu wakati wa kiangazi ataionja. Ndiyo sababu mchu huweza kumea hata juu karibu na nchi kavu, mahali panapofikiwa na bamvua pekee na chumvi ikawa kali, ilhali mlilana hutangulia mbele ukielekea maji makuu. Huko Oman, kwenye chumvi nyingi zaidi, mchu ndio pekee unaomea wenyewe.

Lakini ajabu kubwa ni uzazi. Maua ya mlilana hufunguka usiku na kutembelewa na popo, yale ya mchu huwavutia nyuki, na chavua ya mkoko husambazwa zaidi na upepo. Ua la mkoko likishika, mbegu haingoji kudondoka. Huchipua ingali juu ya mti mama, ikatoa mche wa kijani mithili ya fimbo, wenye urefu wa dhiraa moja au zaidi. Tangu tumba la ua hadi mche kukomaa hupita zaidi ya mwaka mmoja. Waswahili husema "ndio kwanza mkoko unaalika maua" wakimaanisha kwamba jambo lingali mwanzoni, na kwa hesabu hiyo hawakukosea hata kidogo.

Mche ukianguka maji yakiwa yamekupwa, huenda ukajichoma topeni papo hapo. Vinginevyo huelea, mwanzoni ukiwa umelala, baadaye ukisimama wima, hadi ncha yake iguse tope na kutoa mizizi.

Maisha yote hayo hutegemea mambo mawili: vitundu vya hewa kubaki wazi na mti mama kuwapo. Mwaka wa 1988, takribani tani 5,000 za mafuta zilimwagika kutoka tangi lililotoboka na kuingia katika hori ya Makupa. Mafuta yaliziba mizizi, mikoko ikafa, na tope lililobaki na sumu halikupokea miche mipya kwa miaka mingi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifanya vivyo hivyo bila mafuta: mto Mwache ulishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi ya kupumulia kwenye mdomo wake.

Shoka nalo halina athari sawa kwa kila mti. Kisiki cha mchu huchipua tena. Cha mkoko hakichipui, na kwa bahati mbaya ndio mkoko unaotafutwa zaidi kwa boriti na kuni. Palipokatwa mikoko yote mikubwa, hakuna wa kudondosha miche, na kilichosalia ni kusubiri ile itakayoletwa na maji kutoka kwingine, au kupanda kwa mkono.

Kupanda kwenyewe kwa mkoko si kazi ngumu: mche uliokomaa huchomekwa topeni moja kwa moja, bila kitalu. Kosa hutokea katika uchaguzi wa mahali. Mikoko inayopandwa mbele kabisa, penye mawimbi ambapo ni makao ya mlilana, aghalabu hung'olewa na maji. Ikipandwa juu mno hukaushwa na chumvi. Mpandaji makini hutazama kwanza ni mti gani uliokuwa umesimama hapo zamani, na maji ya bamvua hufika wapi.