Shule Zilizotokana na Kidole Gumba

Ukisoma Persepolis ya Marjane Satrapi, unakutana na msichana wa Tehran anayelazimishwa kuvaa hijabu shuleni mwaka 1980, baada ya mapinduzi ya Iran. Sisi wa Waithaka hatuna haja ya kwenda mbali kuielewa hadithi hiyo.

Mwaka 1929, wamishonari Waskoti wa Thogoto, hapo tu jirani, waliwataka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana. Kiapo kilithibitishwa kwa alama ya kidole gumba, ndiyo maana kikaitwa kirore. Wengi walikataa, wakahama misheni na watoto wao. Wakajijengea shule zao, Karing'a, na baadhi wakaingia kanisa la Kiorthodoksi, ambalo leo lina seminari hapa Riruta.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mtoto wa Limuru, alianzia shule ya misheni Kamandura, kisha akahamia Manguo, shule ya Karing'a. Ameyaeleza katika Dreams in a Time of War. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku shule hizo.

Ugomvi wote ulianzia kwa msichana. Wamishonari walipimia imani kwenye mwili wake. Waliowapinga wakapimia hapo hapo uaminifu kwa kabila. Tehran pia, kichwa cha msichana ndicho kilichopimiwa mapinduzi. Satrapi aliandika yake. Msichana wetu wa 1929, mimi sijawahi kusoma kitabu chake. Lakini binti zake ndio shosho zetu. Tuwaulize.